Siku ya kufungua msimu wa bata Minnesota: mwongozo wa anayeanza, na kwa nini mimi namfuata bata wa miti tu

Kila mwezi wa tisa nikionekana na nguo za kombati watu wananiuliza, we mtu wa Mombasa umeanza lini mambo ya kuwinda. Wana haki ya kuuliza. Sisi tuliokulia Kenya kuwinda tunakujua kama ujangili tu, serikali ilipiga marufuku 1977, kwa hiyo ukisikia mtu ana bunduki porini ni askari wa wanyamapori au ni jangili, hakuna wa tatu. Sasa nimekuja Minnesota nakuta jirani yangu, mzee mpole kabisa, anahesabu siku kuelekea Jumamosi moja ya mwisho wa Septemba vile sisi tunavyohesabu siku za Idi. Nikaenda naye mara moja kumridhisha tu. Basi siku hizi mimi ndiye ninayemuamsha.

Nimeandika hii kwa sababu vijana wetu wa Brooklyn Park, hukuhuku Minnesota, wananiuliza maswali yaleyale kila mwaka, na pia ndugu Wakongo walioko Iowa na Kentucky, ambao baadhi yao kuwinda kwao si jambo geni lakini karatasi za huku zinawachanganya. Mfano wangu ni Minnesota, jimbo lako lina kitabu chake cha sheria na hubadilika mwaka hadi mwaka, kisome.

Kwanza mjue ndege mwenyewe

Bata wa miti, wawindaji wa huku wanamwita wudi tu, kisayansi ni Aix sponsa. Si mkubwa, hafiki hata kilo moja. Lakini dume lake aisee. Kichwa ni kijani, ukikizungusha kwenye mwanga kinageuka zambarau, kishungi kimelala nyuma kama nywele zilizotiwa mafuta, halafu mistari myeupe imepita usoni utadhani mtu alikaa na brashi ya wanja akachora bila mkono kutetemeka. Jicho jekundu. Kifua rangi ya hina iliyokolea na vitone vyeupe. Jike ni wa kahawia na kijivu, ila ana weupe kuzunguka jicho wenye umbo la tone la chozi, ukiuona huo hukosei.

Anataga kwenye matundu ya miti, ndiyo maana ya jina. Na vifaranga wakishaanguliwa, siku inayofuata mama anawaita kutoka chini nao wanaruka mmoja mmoja, hata kama ni mita 15 juu, hawawezi kupaa bado, wanaanguka tu kwenye majani makavu wanadunda wananyanyuka wanamfuata majini. Zamani miti mikubwa ilikatwa, mabwawa yakakaushwa, watu wakampiga wa kuuza sokoni, hadi mwanzoni mwa karne ya 20 wengi waliamini anakwisha. Sheria ya ndege wahamaji ya 1918 ikamfungia kabisa, akaja kuruhusiwa tena kidogo kidogo kuanzia 1941, na katikati hapo watu walianza kumtundikia masanduku ya kutagia badala ya ile miti iliyokwisha. Leo huku bonde la Mississippi na majimbo ya mashariki yuko tele. Kwa hiyo ukimshika mkononi unashika ndege ambaye babu yake jirani yangu alikatazwa kumgusa.

Ila sababu yangu ya pili ni ya mfukoni. Bata wa maziwa makubwa wanataka boti, injini, bata bandia sitini wa kuvutia walio hai, mbwa aliyesomeshwa. Wudi anataka kidimbwi msituni chenye ukubwa wa uwanja wa shule, unaingia kwa miguu. Na anawahi kuhama, baridi ya kwanza kali ya Oktoba ikigonga unaamka unakuta wote wameelekea kusini, kwa hiyo siku ya ufunguzi kwake ni siku ya maana kweli, si ya kuonja.

Karatasi (anza Julai, si wiki ya mwisho)

Hapa ndipo watu wetu wanaweza kuharibikiwa vibaya, kwa hiyo soma taratibu. Mwenye uraia au green card, kama huna kesi inayokuzuia, unaweza kumiliki bunduki ya kuwindia. Uliye kwa viza ya muda, ya masomo au ya kutembea, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza hata kuishika, na ijapokuwa kuna mlango wa mwenye leseni ya uwindaji usiupitie kwa ushauri wa binamu, nenda kwa mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Kosa la bunduki linaweza kukurudisha kwenu.

Halafu kozi ya usalama wa bunduki. Minnesota ukiwa umezaliwa baada ya 31 Desemba 1979 lazima uwe na cheti. Usione aibu kukaa darasani na watoto wa miaka kumi na mbili, mimi nilikaa nao na mmoja alinipita mtihani. Kuna pia kibali cha mwanagenzi kinachokuruhusu kwenda bila cheti ukiandamana na mtu mzima mwenye leseni, kizuri kwa kuonja.

Baada ya hapo leseni ya wanyama wadogo ya jimbo, stempu ya bata ya jimbo, na stempu ya bata ya shirikisho ambayo ni dola 25 kwa yeyote mwenye miaka 16 na kuendelea. Hiyo ya shirikisho ipo tangu 1934 na karibu pesa yote inakwenda kununua na kulinda mabwawa, mengine ni hayohayo utakayowindia, kwa hiyo hii ni ada ninayoilipa bila kunung'unika. Ukinunua ya karatasi isaini kwa kalamu ya wino juu yake, bila saini ni kama huna. Muuza leseni atakuuliza kama utawinda ndege wahamaji, sema ndiyo, hapo anakuandikisha kwenye mpango wa kuhesabu mavuno na ni lazima.

Bunduki na marisau

Shotigani ya geji 12 au 20, ya kukokota, hata ya mkono wa pili. Isibebe zaidi ya risasi tatu kwa jumla, kwa hiyo ndani ya magazini kunatakiwa kijiti cha kuzuia, hakikisha kipo kwa sababu askari wa wanyamapori ataingiza mwenyewe risasi zako kuangalia.

Marisau (vile vipunje vinavyotawanyika ukifyatua) ya madini ya risasi yalikatazwa kwa bata nchi nzima 1991, kwa sababu ndege walikuwa wakiyameza matopeni na kufa kwa sumu. Tumia ya chuma, namba 4 au 3 inamtosha wudi. Chuma ni chepesi, kinapoteza nguvu haraka, ndiyo maana usimpige wa mbali. Na kama una bunduki kuukuu ya urithi mwonyeshe fundi bunduki kabla ya kuitilia chuma, nyingine mitutu yake haihimili.

Agosti nenda uwanja wa kurushia visahani vya udongo angalau mara tatu. Wudi anapita kati ya miti kama bodaboda inayokwepa foleni, huwezi kujifunzia kwake.

Mavazi

Nguo za kombati zozote, kofia ya kufunika paji la uso, na glavu nyembamba, kwa sababu uso na mikono yetu ikitokwa jasho inang'aa na bata anaona. Viziba masikio, tafadhali. Halafu weda, ile suruali ya mpira inayopanda mpaka kifuani na buti zake. Weda ina mkanda wa kiunoni na mkanda huo si pambo. Mwaka wangu wa pili nilikuwa navuka kidimbwi cha biva, yule mnyama mwenye mkia bapa anayejenga mabwawa, maji yananifika gotini tu, nikajiona mjanja. Sikujua biva anachimba mifereji chini ya maji ya kusafirishia matawi yake. Hatua moja zaidi nikazama mpaka kwapani. Mkanda ulikuwa umebana, maji yakaingia ya kunilowesha kifua na kunitia adabu, lakini miguu haikujaa nikaweza kurudi. Ingekuwa wazi ningekuwa ndoo. Tangu hapo natembea na fimbo, nadunga mbele kabla sijakanyaga, na kwenye maji nisiyoyajua navaa na koti la kuelea.

Kumtafuta: hapa ndipo siku inapofanikiwa au kushindikana

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu wengi wanatumia miezi kununua vitu na saa mbili kutafuta bata, nao wanarudi mikono mitupu wanalaumu hali ya hewa. Wudi haitiki miluzi sana, na bata bandia mara nyingi anawapita kama hawaoni. Huwezi kumvuta aje unapotaka wewe. Lazima ukae pale anapotaka yeye, tena mita thelathini pembeni ni sawa na kukaa nyumbani.

Anza wiki mbili kabla. Kwenye ramani ya simu tafuta ardhi ya umma yenye alama za eneo la wanyamapori la jimbo, au zile sehemu za uzalishaji wa bata za shirikisho, au mikono ya pembeni ya mto Mississippi kuanzia Red Wing kushuka kuelekea Winona. Usitazame maji makubwa. Tazama vijito vinavyopinda, mabwawa ya biva, misitu iliyoingiliwa na maji. Halafu nenda kwa miguu na macho chini. Mbegu za mwaloni zikiwa zinadondoka kwenye maji ya kina cha kifundo mpaka gotini, hicho ni chakula chake kikubwa msimu huu, umeshakaribia. Gogo lililolala majini lenye vinyesi na vinyoya vidogo juu yake ndipo anapokaa mchana kujinyoosha. Ukimkurupusha utasikia jike analia uuu-iik, uuu-iik kwa uchungu kama umemkanyaga, na dume anatoa mluzi mwembamba unaopanda. Ukiusikia simama, usiendelee kuwafukuza, umeshajua unachotaka.

Sasa rudi alfajiri, bila bunduki, kama nusu saa kabla jua halijatoka, kaa mbali na darubini. Unataka kujua mambo mawili matatu: wanaingia kutoka upande gani, juu ya pengo lipi la miti, na dakika ngapi. Mimi naandika kwenye simu. Wana tabia ya treni, leo wakipita 6:48 juu ya mti uliokufa, kesho watapita pale pale dakika mbili huku au huko. Pita asubuhi mbili kama kazi inakuruhusu. Na chagua sehemu ya pili na ya tatu, kwa sababu siku ya ufunguzi utafika pa kuegesha ukute gari nne na mtu ameshakaa kwenye gogo lako. Usigombane. Ardhi ya umma ni ya aliyewahi.

Shamba la mtu ni mlango wa kubishwa. Huku ardhi ya kilimo huingii bila ruhusa hata kama hakuna kibao. Niliwahi kubisha milango mitano, nikaambiwa hapana minne, wa tano ni bibi mmoja mwenye bwawa la biva nyuma ya mahindi, akaniuliza nimetoka wapi, tukaongea saa nzima habari za bahari. Tangu hapo kila Desemba anapata sambusa zake, na mimi nina kidimbwi changu.

Usiku wa kuamkia, na saa

Kupiga kunaanza nusu saa kabla ya jua kutoka. Mwisho wa Septemba Minnesota jua linatoka kama 7:05, kwa hiyo inaruhusiwa kuanzia kama 6:35, angalia jedwali la siku yenyewe. Na hapa naomba tuelewane kuhusu saa. Mwaka mmoja nilimwandikia mpwa wangu aliyezaliwa hukuhuku, "tunaanza saa 12:35, usichelewe." Mimi namaanisha saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano za asubuhi. Yeye alitokea mchana na kahawa mkononi.

Mimi naamka saa tisa na nusu usiku, nakuwa nimeshakaa muda wa saa nzima kabla ya kuruhusiwa kupiga. Weka bata bandia wanne au sita, si zaidi, mmoja mfunge kamba uwe unamtikisa maji yacheze. Kaa kivulini, mgongo kwenye shina pana kuliko mabega yako, jua likitoka liwe nyuma au ubavuni. Huhitaji kibanda. Unahitaji kutotikisika. Tochi zima, simu zima, kwa sababu mwanga wa simu usoni msituni unaonekana kama taa ya mnara.

Chambo usimwage, hata punje za mahindi, na usikae ambapo mtu mwingine amemwaga. Sauti za kuita za kielektroniki hapana. Bata hai wa kuvutia wenzake walikatazwa tangu 1935.

Dakika ishirini

Utawasikia kabla hujawaona. Mabawa yanafanya fyuu fyuu, halafu vivuli. Katika mwanga huo hakuna rangi yoyote niliyokueleza juu, wote ni weusi, kwa hiyo mjue kwa umbo: mkia mrefu wa mraba, kichwa kimeinuliwa juu kuliko mwili na kinatikisika anaporuka kama anayetafuta anwani. Kama hujamtambua, mwache apite. Kwenye bonde la Mississippi idadi kwa siku ni bata sita kwa jumla na wudi wasizidi watatu, na "nilidhani ni tili", yule bata mwingine mdogo, haimsaidii mtu mbele ya askari.

Pima kwa miguu mita 25 kutoka ulipokaa umweke bata bandia wa mwisho hapo. Aliye ng'ambo yake si wako. Nyanyua bunduki, fuata ndege kutoka nyuma, mpite, fyatua huku mtutu unaendelea kusogea. Wengi tunakosa kwa nyuma kwa sababu tunasimamisha mkono tukifyatua. Chagua mmoja, usipige kundi. Na usipige aliye chini usawa wa watu, msituni hujui nani amekaa ng'ambo ya vichaka, niliwahi kunyeshewa marisau ya jirani kwenye kofia, yalikuwa yamekwisha nguvu lakini moyo ulisimama.

Kwa Waislamu wenzangu, piga bismillahi kabla ya kufyatua, na ukimkuta yuko hai mchinje. Akiwa ameshakufa kwa marisau masheikh wanatofautiana, muulize unayemfuata kabla ya msimu.

Akianguka, usimwangalie yule wa pili. Toa macho mahali alipodondokea, shika alama, mti au tete lililoinama, tundika kofia yako pale ulipokuwa umesimama, nenda moja kwa moja. Wudi aliyejeruhiwa anapiga mbizi na kujificha chini ya mizizi akiacha mdomo tu nje. Nilimtafuta mmoja saa nzima na nusu nisimpate, sheria inakutaka ufanye juhudi ya kweli, mimi nilimhesabu kwenye watatu wangu nikafunga bunduki.

Saa mbili asubuhi mambo kwisha. Jioni watarudi kulala, tena wengi wanarudi jua likishazama, na kupiga kunaisha jua linapozama. Watu wanapigiwa faini hapo kila mwaka. Sitegi jioni kwenye malalo yao hata kwa muda halali, ukiwapiga wanapolala wanahama bwawa zima.

Jikoni

Njiani mwachie bawa moja lenye manyoya au kichwa mpaka ufike nyumbani, ndiyo sheria, ili atambulike. Weda na buti zisafishe na kumwaga maji palepale.

Mnyonyoe, usimchune, mafuta ya wudi aliyeshiba mbegu za mwaloni yana utamu wa karanga. Mmoja wa mwaka jana nilipasua gole, kile kifuko cha chakula cha kooni, nikakuta mbegu sita nzima zimepangana kama shanga. Kifua kianze ngozi chini kwenye sufuria baridi, moto mdogo dakika sita hivi, geuza mbili, acha kitulie. Ushauri wa serikali ni nyama ifike nyuzi 74 za sentigredi, wawindaji wengi wanakula ikiwa bado ya pinki, na mama yangu nilipompelekea picha akasema huyo bado anaweza kuruka. Kwa ajili yake na wanaofanana naye, miguu na vipande vya mifupa tia kwenye tui na tangawizi, bizari, pilipili na ndimu, saa moja na nusu moto wa chini, kula na wali. Tafuna polepole, marisau ya chuma yanavunja jino.

Manyoya ya ubavuni, yale ya rangi ya samli yenye mistari myembamba myeusi, usitupe. Wanaofunga ndoano za kuvulia samaki wa trauti wanayatafuta sana, na sheria inaruhusu hata kuyauza kwa kazi hiyo. Mimi nayatia kwenye bahasha nampelekea yule mzee jirani, ambaye siku hizi magoti hayamruhusu kuingia majini. Anafungua mlango amenyoosha mkono kupokea bahasha kabla hajaniuliza hata tumepiga wangapi.